Kabla Spana Haijaguswa

Fundi anayejua liki za maji hulitaka gari likiwa baridi. Atakuomba ulilaze kwake, au atakuja mwenyewe alfajiri kabla hujaliwasha, kwa sababu usiku vyuma husinyaa, mipira hukakamaa, na klipu iliyochoka huachia tone ambalo saa nne asubuhi halitakuwepo tena, maana joto litakuwa limevitanua vyote na kuuziba mwanya. Liki nyingine ni kinyume chake. Hulala kimya hadi presha ipande, kisha hutema maji juu ya ekzosi, yakageuka mvuke kabla ya kufika chini. Ndiyo maana mwenye gari ataapa kwamba haoni tone sakafuni, na bado kila Jumapili anaongeza lita moja. Anasema kweli. Fundi hambishii, anachukua tochi na kuinama.

Kazi hii ya kutafuta na kuziba maji ya injini kuukuu haina jina kubwa. Katika gereji zetu heshima huenda kwa anayeshusha injini nzima, kwa fundi umeme, na siku hizi kwa kijana mwenye kishikwambi anayechomeka waya chini ya usukani na kusoma makosa ya gari kwenye kioo. Nami nawaheshimu wote hao. Lakini gari la miaka ya 90 halina kihisi cha kumwambia mtu kwamba linavuja nyuma ya bloku, chini, upande usiofikika. Anayeitibu injini ya namna hiyo hutegemea macho, pua, vidole, na subira ya kuliacha jambo lijitokeze lenyewe. Nimekaa kwenye mabenchi ya gereji za Ilala na Tabata muda wa kutosha kuona kwamba watu wa aina hiyo ni wachache, na kwamba kazi yao inastahili zaidi ya malipo wanayopewa.

Tazama kwanza maji yenyewe yanafanya nini humo ndani. Petroli ikiungua katika silinda, joto la gesi yake hupita nyuzijoto 2,000, ilhali alumini ya silinda hedi huyeyuka kwa 660. Kinachoiokoa hedi ni maji yanayopita milimita chache tu nyuma ya moto huo, yakabeba karibu theluthi moja ya nguvu yote ya mafuta hadi kwenye rejeta, ambako upepo huichukua. Katika injini ya petroli ya zamani, joto linaloondoka na maji ni jingi kuliko nguvu inayofika magurudumuni. Na maji hayo hayako huru. Kifuniko cha rejeta kina springi inayoyabana. Kwenye Toyota nyingi za wakati ule kimeandikwa 0.9, yaani karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kwa mbano huo maji matupu huchemka karibu na nyuzijoto 118, si 100. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwa 93 hivi. Dereva aliyefika huko na kifuniko kilichokufa amepoteza usalama mwingi bila kupoteza hata kikombe cha maji.

Hili ndilo ambalo wenye magari wengi hawaambiwi. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano haliogopwi kwa maji linayomwaga. Linaogopwa kwa presha linayoiachia. Injini iliyojaa maji hadi mdomoni inaweza kuchemsha kwenye mlima Kitonga kwa sababu tu mfumo wake haushiki mbano. Fundi wa kweli hafikirii anaziba tundu. Anafikiri anairudisha presha, na hilo hubadilisha kila anachokifanya baada ya hapo.

Utelekezaji wa injini huanza na uamuzi unaoonekana wa busara. Kulanti, tunaambiwa, ni ya nchi za baridi. Kuna ukweli humo: ethilini glaikoli, ambayo mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz aliitengeneza kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1850, ilikuja kutumika kwenye magari kwa sababu maji yakiganda hupanuka na kupasua bloku. Dar es Salaam hakuna kinachoganda. Labda Kitulo, ambako Juni na Julai sakitu huamkia kwenye majani. Basi tunatia maji ya bomba, au ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Tunasahau kwamba katika ile chupa ya kijani au nyekundu glaikoli si dawa yote. Mna viambato vinavyopaka chuma utando wa kuzuia kutu na kuilinda alumini isiliwe. Bloku ya injini hizi ni chuma cha kusubu, hedi ni alumini, rejeta ni shaba au alumini tena. Maji ya chumvi yakizikutanisha metali hizo huzalisha umeme mdogo usiokoma, na inayolipa gharama ni alumini. Inachimbika vishimo vidogo vidogo, hasa chini ya midomo ya mipira, pale pale panapotakiwa kuwa laini ili mpira ushike.

Hata kulanti yenyewe huchakaa. Viambato vyake huisha kwa miaka michache, ingawa rangi hubaki ileile, na mtu huendelea kujipa moyo kwa sababu ya rangi.

Corolla moja ninayoijua vizuri inanisaidia kueleza. Ni AE110 yenye injini ya 5A-FE, cc 1,498, ya aina iliyojaa barabarani kwetu zamani na sasa inaanza kuwa nadra. Mwenyewe ni muuguzi mstaafu wa Tabata. Ilikuwa imekaa uani kwake misimu kadhaa ya mvua, ikiwashwa siku za arusi na misiba, kila safari ikisindikizwa na madumu mawili ya maji kwenye buti. Mzee aliyeipokea gerejini alifungua boneti, akatazama kwa muda bila kugusa kitu.

“Mama, gari hili limepita mikono mingi.”

“Limepita, fundi,” mama akajibu. “Na kila mmoja alinipunguzia kitu.”

Kweli vilikuwa vimepungua. Themostati haikuwepo. Swichi ya feni ilikuwa imechomolewa waya wake. Mpira wa juu wa rejeta ulikazwa kwa waya wa kufungia nondo. Shingo ya rejeta ilizungushiwa silikoni nyekundu, nene, iliyofurika nje na bila shaka ndani pia. Na fundi alipochovya kidole mdomoni mwa rejeta kilitoka na tope la kahawia lenye chembe za njano. Akanusa. “Binzari,” akasema, akamwonyesha saidia fundi wake, kijana aliyekuwa amemaliza mafunzo yake VETA. “Naam, mzee,” kijana akaitikia, naye akanusa.

Sidharau binzari. Dereva mwenye abiria usiku, katikati ya mbuga ya Mikumi, rejeta ikitoboka, ana haki ya kutia binzari, yai au pilipili manga, chochote kitakachovimba na kuziba hadi afike Morogoro. Ni ujuzi wa njiani, na umewafikisha wengi nyumbani. Lawama yangu ni kwa anayefika nyumbani na kusahau. Unga ule hauchagui tundu. Hukaa popote penye wembamba, na mirija ya rejeta, yenye nafasi ya milimita mbili hivi kwa ndani, ndiyo wembamba wenyewe. Silikoni nayo ni hivyo hivyo. Ile inayobonyea nje tunaiona. Inayobonyea ndani hukatika siku moja, ikasafiri na maji, ikaziba mrija au mdomo wa kirejeta cha hita.

Kuhusu themostati nitasema kwa ukali. Kuitoa kumekuwa desturi kiasi kwamba wapo mafundi wanaoiona kama takataka ya kiwandani, kitu cha Wajapani na theluji yao. Hoja yao ni kwamba nchi yetu ina joto tayari, kwa hiyo maji yapite bila kizuizi. Lakini injini haijali joto la Dar es Salaam. Tofauti kati ya asubuhi ya Sapporo na adhuhuri ya Kariakoo ni nyuzijoto makumi machache, na kazi ya themostati ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka, kisha kuanza kufungua karibu na 82 na kuishikilia hapo. Bila hiyo, katika safari fupi injini haifiki joto lake. Hunywa petroli zaidi, oili yake hukusanya unyevu, silinda husagika. Kibaya zaidi, themostati nyingi za Toyota hizi zina vali mbili. Moja hufungua njia ya rejeta huku nyingine ikifunga njia ya mkato inayoyarudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa yote, ile njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji huzunguka bila kuiona rejeta. Aliyeitoa ili gari lisichemshe ameongeza sababu ya kuchemsha.

Habari ya feni inanifurahisha kwa namna tofauti. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile swichi ya joto ya feni imepangwa kinyume na anavyodhani mtu: ikiwa baridi hushika umeme na kuizuia feni, ikipata joto la 93 hivi huachia na feni huzunguka. Maana yake waya ukikatika njiani, feni itawaka na kubaki inawaka. Mhandisi mmoja huko Japani alijiuliza ni kosa lipi lingemuumiza dereva kidogo zaidi, akalichagua hilo. Waliochomoa waya ule walikuwa wakiitumia hekima yake bila kuijua, na wakaificha dalili ambayo fundi wa baadaye angeihitaji.

Siku ya kwanza mzee hakuziba chochote. Alisoma. Maji yanayovuja huacha maandishi: ukoko mweupe ni maji ya chumvi yaliyokauka, ukoko wa kijani au waridi ni kulanti, mstari wa kutu unaoteremka ukutani mwa bloku huelekeza juu, kwenye chanzo, maana maji hushuka na upepo wa feni huyasukuma nyuma, kwa hiyo penye ulowevu mara nyingi sipo penye tundu. Aliinua zulia la upande wa abiria akapapasa: kavu. Laiti lingekuwa na unyevu unaonata na harufu tamu, kirejeta cha hita kingekuwa kimetoboka, na kazi ingekuwa ya kung'oa dashibodi. Alichomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyeusi, imezeeka, lakini haikuwa kama chai ya maziwa, rangi inayomkatisha tamaa fundi yeyote kwa sababu maana yake maji na oili vimekutana mahali ambapo havipaswi kukutana.

Kisha alimwaga. Si rejeta tu, kama wanavyofanya wengi, bali na bloku, kwa bolti yake ya ubavuni ambayo nadhani haikuwa imeguswa tangu Japani. Ilitoka kwa mafuta ya kupenya na uvumilivu, na nyuma yake hakikutoka kitu. Ilibidi kijana achokonoe kwa waya ndipo tope likaanza kushuka. Nusu ya uchafu wa injini hukaa hapo chini, karibu na mizizi ya silinda, na fundi anayemwaga rejeta peke yake huuacha palepale na kuumwagia kulanti mpya ya gharama. Walisukuma maji safi tena na tena, kwa upande huu na kwa upande wa kinyume, hadi yalipotoka yakiwa maangavu.

Ndipo ikaletwa pampu ya kupimia presha, ile ya mkono yenye geji, inayokaa mahali pa kifuniko. Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii kuliko popote. Injini imezimwa, ni baridi, hakuna kelele. Unapampu hadi mshale ufike mbano wa kifuniko, usizidi, kisha unangoja. Kama mshale unabaki, mfumo mzima unashika. Kama unashuka, mahali fulani pana tundu, nawe una muda wote wa kulitafuta bila kuungua. Ule wa Corolla ulishuka upesi, na mpira wa chini ukatoa tone kwenye klipu. Wakaubadili. Wakapampu tena. Mshale ukashuka polepole zaidi, na bomba la chuma linalopita nyuma ya injini likaanza kutoa jasho kwenye kiungo chake. Wakabadili oringi, wakapampu. Nyuma ya bloku, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, wota plagi moja ikaanza kulia.

Wenye magari huona mtindo huu ni ulaghai: fundi ameziba kimoja, amefungua kingine, anataka pesa. Si hivyo. Mfumo uliokuwa ukivuja kwa miaka haukuwahi kupanda presha, kwa hiyo kila sehemu dhaifu ilikuwa imepumzika nyuma ya ile dhaifu zaidi. Ukiiziba ya kwanza, presha hupanda hadi inapoikuta ya pili. Methali ya kuziba ufa usije ukajenga ukuta hutajwa sana kwenye gereji, na ni njema, lakini katika injini kuukuu haitoshi: kuna nyufa ambazo huwezi kuziziba kwa sababu hazijakubali kuonekana. Fundi mwaminifu humwambia mwenye gari tangu mwanzo kwamba itaonekana moja baada ya nyingine, na kwamba mwisho wake upo. Asiye mwaminifu, au asiyejua, huziba moja na kumruhusu mtu aende kuikuta ya pili Chalinze.

Wota plagi ile ilikuwa kisahani chembamba cha chuma kilichogongwa kwenye tundu la bloku, kimoja kati ya kadhaa. Matundu hayo yanatokana na kusubiwa kwa bloku kiwandani, ndimo hutolewa mchanga wa kalibu. Kutu huila plagi kutoka ndani, na siku inapoonekana kwa nje imeshabaki karatasi. Mahali penyewe mkono mmoja tu huingia, na jicho haliingii kabisa. Mzee aliigonga pembeni kwa patasi butu hadi ikageuka upande, akaishika kwa plaizi na kuitoa bila kukwaruza ukingo. Alisafisha tundu kwa msasa uliozungushwa kidoleni, akapaka gundi utando mwembamba, akaiingiza plagi mpya ya shaba kwa kuigonga na soketi inayolingana nayo, taratibu, akisikiliza. Mlio wa nyundo hubadilika plagi ikikaa sawasawa. Kijana aliuliza atajuaje. “Sikiliza,” mzee akamwambia, akagonga mara mbili zaidi. Kijana akatikisa kichwa, kasikia.

Kuna mambo madogo ya mkono ambayo ndiyo ufundi wenyewe. Mpira ulioganda kwenye shingo ya rejeta hauvutwi. Unapasuliwa kwa kisu kwa urefu wake na kubanduliwa, maana mpira ni wa kutupwa na shingo ni ya kubaki, na shingo za plastiki zilizozeeka huvunjika kwa kuvutwa. Alumini iliyochimbika chini ya mpira husafishwa kwanza, na vishimo vikiwa virefu hujazwa na kusawazishwa, la sivyo utabadili mipira hadi uchoke na maji yatapita palepale. Klipu hukaa nyuma kidogo ya ukingo ulioinuka wa shingo, si juu yake. Haikazwi hadi mpira ukatike. Mambo haya hayaandikwi kwenye boksi la spea, na aliyeyajua aliyapata kwa kusimama karibu na mtu.

Rejeta ilipelekwa mtaa wa Gerezani. Huko kuna mafundi wasiofanya kingine isipokuwa rejeta, na ningependa siku moja mtu awaandikie kitabu. Huifunga midomo yake, huitumbukiza katika beseni la maji, huipulizia upepo, na mapovu huonyesha kila tundu. Zile za zamani za shaba hufunguliwa matangi yake kwa moto, mirija huchokonolewa mmoja mmoja kwa fito nyembamba, kisha hulehemiwa tena kwa risasi. Kifaa hiki kina historia ndefu ya mikono. Wilhelm Maybach alipobuni rejeta ya sega la nyuki kwa ajili ya gari la Mercedes la nguvu farasi 35 la mwaka 1901, alikusanya vijirija 8,070 vya mraba, kila kimoja milimita 6 kwa 6, vikaunganishwa kwa kulehemu. Fundi wa Gerezani angeielewa kazi hiyo kwa mtazamo mmoja. Rejeta ya Corolla yetu ilikuwa ya alumini yenye tangi la plastiki, nalo lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia. Fundi aliligonga kwa kucha, akasema halitibiki: plastiki ikifika rangi ile imekwisha kukauka, na ukiziba ufa mmoja kwa gundi utazaa mwingine pembeni. Angeweza kuchukua pesa ya gundi. Alishauri rejeta nyingine.

Lilibaki swali ambalo kila mtu gerejini alilisubiri, la hedi gasketi. Gari lililochemsha mara nyingi hudhaniwa moja kwa moja kuwa limeunguza gasketi, na zipo gereji zinazoanzia hapo, kwa kufungua hedi siku ya kwanza. Dhana yenyewe haikosi msingi. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Hedi na bloku zilizofungwa pamoja husuguana kila zinapopata moto, na joto likipita kiasi hedi hupinda. Kitabu cha Toyota kinaruhusu uso wake upinde milimita 0.05 tu. Kuifungua ni kutoa taimingi belti, kulegeza bolti 10 kuanzia pembeni kwenda katikati, kupima kwa rula ya chuma na fila geji, pengine kuupeleka uso ukasawazishwe kwa mashine. Na kuifunga ni kuanzia katikati kwenda pembeni, nyutoni-mita 29 kwanza, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine, baada ya kukausha kila tundu la bolti, kwa sababu maji yaliyonaswa chini ya bolti inayokazwa yanaweza kuipasua bloku. Ni kazi nzuri ikifanywa vizuri. Mzee anaijua. Ndiyo maana hakuitaka kabla ya haki yake.

Alitazama plagi za moto: zote kavu, za rangi moja. Aliwasha injini baridi, kifuniko kikiwa wazi, akatazama kama mapovu yanapanda mfululizo. Hayakupanda. Akaazima kile kichupa chenye maji ya buluu ambacho huwekwa juu ya mdomo wa rejeta kuvuta hewa yake. Gesi ya silinda ikiwemo, kaboni dioksidi huigeuza buluu kuwa njano. Ilibaki buluu. Hedi haikufunguliwa. Mwenye gari hakuona lolote siku hiyo zaidi ya mzee aliyetazama kichupa, ilhali hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote: uamuzi wa kutofungua.

Themostati mpya iliingia, waya wa feni ukarudishwa, kifuniko kipya kikanunuliwa. Kujaza nako kuna adabu yake. Kulanti na maji yaliyokenekwa, nusu kwa nusu, polepole, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho na pua ya gari imeinuliwa, huku kijana akiminya mipira kwa mkono ili hewa ipande. Hewa iliyonaswa ni adui mbaya, kwa sababu kihisi cha joto kikikaa ndani ya hewa badala ya maji husema uongo. Nimesikia madereva wakifurahi kwamba mshale wa joto uliokuwa juu umeshuka wenyewe mlimani. Haukushuka kwa sababu injini imepoa. Maji yalikuwa yameisha.

Kulanti chakavu waliikinga yote kwenye dumu, na mzee aliandika juu yake kwa rangi. Glaikoli ina ladha tamu na ni sumu. Mbwa huinywa akafa, na mtoto anaweza kuionja. Hainiingii akilini kwa nini gereji nyingi bado huimwaga mtaroni.

Mama aliambiwa arudi baada ya wiki, gari lilale tena. Alirudi. Klipu mbili zilidai kukazwa kidogo, kama ilivyotarajiwa kwa mipira mipya. Wota pampu, iliyokuwa kavu kwenye kipimo, ilikuwa na alama ya unyevu kwenye lile tundu dogo la chini ambalo limewekwa makusudi ili sili ikianza kuchoka maji yatoke nje yaonekane, yasiingie kwenye beringi. Mzee alimwonyesha kwa tochi, akamweleza kwamba pampu hiyo huendeshwa na mkanda wa alternata, kwa hiyo haitadai taimingi belti itolewe, na kwamba ana miezi kadhaa ya kujipanga. Mama aliuliza kama isingekuwa vema kuibadili siku ile ile. Mzee akasema uamuzi ni wake, ila pampu bado inafanya kazi.

Bili ilizua maneno, si kutoka kwa mama bali kwa mwanawe aliyemsindikiza. Spea alizielewa. Hakuelewa kwa nini siku mbili za kutazama zilipiwe, wakati gereji ya awali iliyofungua nusu ya injini ilitoza kwa siku moja. Wengi wetu tunafikiri hivyo. Tunalipa jasho tunaloliona, na fundi aliyegundua kwamba ni kifuniko cha bei ndogo huondoka na pesa ndogo kuliko yule aliyeng'oa hedi isiyo na kosa. Mafundi hulijua hilo. Baadhi yao hung'oa hedi kwa sababu hiyo tu, na sioni ajabu. Mzee hakubishana. Katika kitabu chake cha risiti ana mstari wa kwanza ulioandikwa “kutafuta”, wenye bei yake, na humwonyesha kila mteja kabla hajagusa spana. Wanaoukataa huwaelekeza gereji ya jirani. Mwana aliusoma, akamtazama mama yake, mama akafungua pochi.